Sina Malalamiko

Cleveland, Ohio
9 Machi 1997

Mama,

Nakuandikia kwa sababu simu yako imenishinda. Jumapili nilipiga, nikauliza Lucius anaendeleaje, ukanijibu, "Tumebarikiwa, mwanangu, hatuna malalamiko," kisha ukataka kujua kama huku bado kuna theluji. Jumatano nikapiga tena, tukabarikiwa tena. Nilichojifunza kwa simu mbili ni kwamba Mungu ni mwema, na hilo nilikuwa nalijua. Kwenye karatasi angalau naweza kukuuliza swali na kulipigia mstari.

Basi maswali ni haya. Analala? Anakumbuka mchana alichoambiwa asubuhi? Anakasirika? Akikasirika anafanya nini?

Usiniambie niache kuwaza. Lucius na Travis Boland walisimama kwenye ubao mmoja wa jukwaa la ujenzi. Ubao mmoja ulikatika, wote wawili wakaangukia vichwa, wakabebwa na gari moja la wagonjwa. Mwajiri mmoja, bima moja. Leo Travis yuko kituo cha Millbrook Pines tangu mwezi wa pili, anafundishwa upya kutembea, kukumbuka na kuvumilia kelele. Kaka yangu alirudishwa nyumbani kwako na karatasi moja ya mazoezi ya vidole. Mimi si daktari, ninapanga barua posta, lakini barua mbili zenye anwani moja huwa zinaingia mfuko mmoja.

Najua utasema ni mdomo wangu. Ni kweli nilipandisha sauti pale hospitalini. Mama yake Travis alipiga mayowe, akabwaga mkoba chini, wakamletea kiti na maji ya kunywa. Mimi nilisema "nataka kuongea na daktari" kwa mara ya nne, wakaniletea walinzi wawili. Kwenye faili la Lucius wameandika, "Dada yake ni mkali, anawatisha wafanyakazi." Nimeisoma kwa macho yangu.

Sasa nisikilize. Tarehe nane Aprili mpimaji wa bima anakuja nyumbani. Yeye ndiye atakayesema kama Lucius anaingia Millbrook au haingii. Daktari mmoja tu kati ya wote ndiye aliyeniambia ukweli: mwaka huu wa kwanza ndio wenye faida, akikaa bila kufundishwa, mengine hayatarudi kabisa. Kwa hiyo mwache mpimaji amwone Lucius alivyo. Usimpambe. Usimfunikie. Mwambie kila kitu. Siku zangu zote za ruhusa ziliisha Januari, siwezi kuja, hivyo wewe ndiye mdomo wetu.

Binti yako,
Vernita


Tarrow, Georgia
16 Machi 1997

Nita,

Barua yako nimeipata na mistari yake yote. Nilimwambia baba yako, Mungu amlaze pema, kwamba mtoto huyu siku moja atakuja kutuhoji kama askari wa upelelezi. Haya, siku yenyewe imefika.

Lucius analala. Anakula. Alisahau sufuria jikoni mara moja, na nani hajawahi kusahau sufuria? Hasira anazo kidogo, kama mwanamume yeyote aliyekaa ndani miezi miwili bila kazi.

Mimi nina kazi zangu. Pasaka iko mlangoni na watoto thelathini na mmoja hawajajua beti zao. Huu ni mwaka wa thelathini na tatu nawafundisha watoto wa kanisa beti za Pasaka, na hakuna hata mmoja aliyesimama mbele ya watu akakwama. Hata wewe uliyekuwa ukitafuna upindo wa gauni ulizisema zako zote nne.

Kuhusu huyo mpimaji, usinifundishe. Nimeishi na wazungu wa hapa miaka sitini na minane. Mtu wetu akienda mbele yao na nguo chafu na malalamiko, wanachokiona ni nguo chafu na malalamiko. Akienda amenyooshewa suti, ndiyo bibi, hapana bibi, asante bibi, wanaona mtu. Mwaka sitini na moja, hospitalini watu weusi walikuwa wanalazwa chini kwenye chumba cha mabomba. Baba yako nilimpatia kitanda juu, chenye dirisha, kwa sababu nilivaa glavu na sikupandisha sauti hata mara moja. Heshima si utumwa.

Huyo Bi. Boland, mwache. Yeye ni mzungu, ana ruhusa ya kupiga mayowe. Wewe huna. Nilidhani nilikufundisha hilo kabla hujatoka nyumbani kwangu.

Suti ya kijivu ya Lucius iko kwa dobi.

Mama yako,
Zenobia Tolliver


Tarrow, Georgia
10 Aprili 1997

Nita,

Shusha pumzi, yamekwenda vizuri kuliko nilivyoomba!

Mpimaji ni binti wa kizungu, mpole, amekula keki yangu ya limau vipande viwili na akaomba cha kuondoka nacho. Lucius alikaa wima ndani ya suti yake. Akaulizwa siku, akajibu. Tarehe, akajibu. Yuko wapi, rais ni nani, alizaliwa lini, yote bila kukwama. Kwenye kusoma na hesabu alichoka kidogo, basi. Binti akaniambia, "Bi. Tolliver, umemtunza vizuri ajabu. Laiti familia zote zingekuwa kama hii."

Umesikia? Hakuna mlinzi aliyeitwa. Sasa tungoje barua njema, na ikifika naomba uniandikie kwa mkono wako mwenyewe kwamba mama yako si mjinga.

Mama yako


Ofisi ya Madai
14 Aprili 1997

Kwa Bw. Lucius Tolliver; nakala kwa Bi. Vernita Tolliver

Yahusu: ombi la kulazwa katika kituo cha utengamao cha Millbrook Pines

Tumepokea ripoti ya mpimaji wetu. Alikukuta umevaa nadhifu, mtulivu na mwenye adabu. Ulijibu kwa usahihi maswali yote kuhusu siku, tarehe na mahali. Ulieleza mara tatu kwamba huna malalamiko, na familia ilithibitisha kuwa hali nyumbani ni shwari.

Alama zako za kusoma na hesabu zilikuwa chini sana. Hata hivyo, zinalingana na kiwango kinachotarajiwa kwa mtu wa elimu, kazi na mazingira yako, hivyo hazichukuliwi kuwa matokeo ya jeraha.

Kwa sababu hizi ombi limekataliwa. Una haki ya kukata rufaa. Kikao kimepangwa Jumanne, 20 Mei, na mwombaji anatakiwa kuhudhuria. Baada ya kikao hicho faili litafungwa.

Wako,
P. Whitcombe


Cleveland, Ohio
17 Aprili 1997

Bi. Whitcombe,

Barua hii nimeiandika mara tano. Nne za kwanza zingeingia moja kwa moja kwenye faili la kaka yangu chini ya lile neno "mkali". Hii ni ya tano, ndiyo yenye adabu.

Mnasema alama zake zinalingana na kiwango kinachotarajiwa. Kinachotarajiwa na nani? Kuna aliyeuliza Lucius Tolliver alikuwa nani tarehe kumi na tatu Januari, siku moja kabla ya kuanguka? Nawajibia swali ambalo hamkuuliza. Alikuwa fundi mkuu wa uashi, kama baba yake na babu yake. Chini yake kulikuwa na mafundi kumi na wanane. Mnara wa kanisa letu aliukadiria kwa kichwa akiwa amesimama barabarani na kikombe cha kahawa mkononi, na katika matofali elfu ishirini na sita alikosea arobaini. Mtu huyo leo hawezi kujumlisha saba na nane, na mpimaji wenu ameona ni sawa tu, mwashi mweusi wa Georgia, ulitegemea nini?

Mmemkuta hana kitu, mkaamua hakuwahi kuwa nacho. Angekuwa mtu mwingine mngeuliza kimekwenda wapi.

Nakata rufaa. Kwa heshima yote iliyobaki,
Vernita Tolliver


Tarrow Georgia
Jumanne 8 Aprili 1997

Nita

Leo ni Jumanne tarehe nane Aprili mwaka elfu moja mia tisa tisini na saba. Niko Tarrow Georgia nyumbani kwa mama yangu. Naendelea vizuri asante bibi. Nimebarikiwa. Sina malalamiko.

Mama hayupo ndio naandika. Kaenda kwa daktari. Nita kuna mashine ya zege kichwani haizimwi. Yule bibi alipokuja nilisema yote. Mama alinifundisha wiki tatu nikikosa tunaanza mwanzo. Nilisema yote sikukosa mbona hawajanichukua

Nimetafuta penseli yangu ya kazi siioni. Watu wangu wananingoja.

Leo ni Jumanne tarehe nane Aprili.

Usimwambie Mama.

Lucius


Cleveland, Ohio
23 Aprili 1997

Mama,

Lucius ameniandikia. Juu ameweka Jumanne, tarehe nane Aprili. Muhuri wa posta ya Tarrow ni wa Jumamosi, tarehe kumi na tisa, na mihuri ndiyo kazi inayonilisha, huwezi kunidanganya hapo. Siku kumi na moja baada ya mpimaji kuondoka na keki yake, kaka yangu bado anaishi tarehe nane, maana ndiyo tarehe uliyomkaririsha.

Mama, ulimfundisha majibu. Ulimfundisha kama beti za Pasaka! Wiki tatu! Mtu aliyepasuka kichwa ulimsimamisha pale sebuleni ukamwambia toa mikono mfukoni, sema tena kutoka mwanzo. Naweza kuisikia sauti yako kutoka huku.

Nimecheka, nikalia, nikapiga meza mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi huku nakosa usingizi napigana na bima, naandika barua tano ili moja iwe na adabu, kumbe bima ina wakili wake ndani ya nyumba yetu, na anawaokea keki. Mficha maradhi kilio humfichua, Mama. Wameandika kwa maneno yako mwenyewe kwamba mwanao ni mzima, na mimi niliyewaambia si mzima ndiye ninayeonekana mwongo. Rufaa ni moja. Tukishindwa tarehe ishirini Mei faili linafungwa, na Lucius atakaa kwenye hiyo sebule na mashine ya zege kichwani mpaka azeeke.

Na daktari? Umeenda kwa daktari kufanya nini? Wewe hujakanyaga kwa daktari tangu mwaka themanini na nane. Naomba jibu, na usinibariki.

Vernita


Tarrow, Georgia
29 Aprili 1997

Vernita,

Ukiona mwandiko unachechemea ni kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Nitafika huko.

Ndiyo, nilimfundisha. Maswali nilipewa na Bi. Boland, aliyasikia Travis alipokuwa anapimwa, ni yale yale. Nataka ujue kwa nini. Kule hospitali walimuuliza Lucius leo ni siku gani, akakosa, na wale vijana wawili wenye makoti meupe wakatazamana. Hawakushangaa. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hawakushangaa. Nikasema moyoni, hamtamtazama mwanangu hivyo tena. Sikuwa na nia ya kuficha ugonjwa. Nilitaka wamwone mtu, kisha wamtibu huyo mtu. Kumvalisha ile suti kulichukua saa moja na nusu, hakumbuki mkono gani unaanza.

Sasa maswali yako ya mwezi wa tatu. Halali zaidi ya saa mbili. Asubuhi hakuna anachokumbuka. Sufuria si moja, ni saba, na pazia la jikoni limeungua. Siku ya Pasaka kinanda kilipoanza alisimama akamtukana mchungaji matusi ambayo sikujua anayajua, watu wakadhani amelewa. Tangu siku hiyo hatujaenda kanisani. Nimewaambia miguu inaniuma.

Mkono. Ile barua ya kukataa ilipofika nilidhani tulikosea mahali, kwa hiyo nikaanza kumfundisha upya. Nikamuuliza, "Leo ni siku gani, Lucius?" Akasema Jumanne tarehe nane. Nikasema, "Hapana, hiyo imepita, sema tena." Akasema Jumanne tarehe nane. Nikamshika bega. Nikamwambia, "Mwanangu, nitazame, hiyo si sawa." Akanisukuma. Hakunipiga, Vernita, ukiandika popote andika hivyo, alinisukuma. Nikaangukia jiko, kifundo cha mkono kikavunjika. Nilikaa nacho siku tatu ndipo nikaenda, na daktari nikamwambia nimeteleza.

Kila asubuhi Lucius anaona plasta. Anaipapasa kwa vidole, anasema, "Nani kakuvunja mkono, Mama? Nionyeshe huyo mtu." Namwambia nimeteleza.

Haya, wewe unayejua kila kitu, nijibu na mimi moja. Nikienda mbele ya wale watu nikasema haya, wataandika nini? Mwanangu ana futi sita na inchi tatu. Wataandika "jeraha la ubongo", au wataandika mtu mweusi anayepiga mama yake? Watamwita daktari au watamwita polisi?

Mama yako


Cleveland, Ohio
3 Mei 1997

Mama,

Swali lako nimekaa nalo siku mbili. Nilianza kukujibu haraka, nikachana. Kwanza naomba radhi kwa yale ya wakili na keki. Pili, mkono unaendeleaje? Umeandika kurasa mbili kwa mkono wa kushoto na hukulalamika hata mahali pamoja, na hapo ndipo naona nimetoka kwa mtu wa namna gani, na kutolalamika huko ndiko kunakoniua.

Sijui wataandika nini. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya. Najua tu kwamba mimi nilisema ukweli nikaitiwa walinzi, wewe ukasema yote ni shwari wakakushukuru na kukataa ombi. Hakuna namna ya kuongea nao ambayo haijatugeukia. Imenichosha, Mama. Nimechoka kuchagua sauti.

Kwa hiyo nimeacha sauti, nimetafuta karatasi. Nilimpigia Bi. Boland, na sikumpigia kwa upole. Nilidhani atanikatia simu. Akasema, "Nilikuwa najiuliza lini mtaniuliza." Amenitumia nakala ya faili la mwanawe. Mama, kaa chini. Tarehe ishirini na tisa Januari Travis alimpiga muuguzi kichwa, akamvunja pua. Faili linasema: "Mgonjwa amechanganyikiwa kutokana na jeraha la ubongo. Anahitaji kituo cha utengamao haraka." Tarehe thelathini na moja, siku mbili tu baadaye, wodi ile ile, Lucius alirusha sahani ya uji, ikagonga ukuta. Faili lake linasema: "Mkaidi, hatoi ushirikiano. Aruhusiwe kwenda nyumbani." Sahihi chini ya karatasi zote mbili ni ya mtu mmoja.

Nimekuwekea nakala za zote mbili humu. Ukifika, kabla hujafungua mdomo, zitandaze mezani kwao, moja kando ya nyingine. Kisha waambie kuhusu mkono wako. Wakitaka kuandika kwamba Lucius ni mtu hatari, itabidi waandike wakiitazama pua ya yule muuguzi.

Nimeomba ruhusa mara mbili, bosi amekataa mara mbili. Hata ningepata, mimi tayari nimo kwenye faili. Ni wewe. Na nakuomba kitu kimoja kigumu kuliko vyote: asubuhi hiyo usimvalishe. Atoke alivyoamka.

Nita


Tarrow, Georgia
21 Mei 1997

Nita,

Leo naandika kwa mkono wa kulia, plasta imekatwa kidogo kwenye vidole. Uniwie radhi kwa urefu.

Suti niliitundika mlangoni jana asubuhi, nikaitazama mpaka nikaogopa tutachelewa. Lucius alitoka na ndara, shati la kulalia ndani ya koti la mvua, na kofia ya kazi nyuma mbele. Ndevu wiki mbili. Nilimpitisha mbele ya nyumba za watu hivyo, mimi Zenobia Tolliver. Bi. Boland alitubeba kwenye gari lake la mizigo, maana mkono huu hauwezi usukani. Hakusema neno juu ya nguo. Mwanawe naye, nadhani, ameshawahi kutoka amevaa hivyo.

Mezani walikuwa watatu na huyo Whitcombe. Mwanamke mfupi, ana mafua. Mwenyekiti akaanza na Lucius. "Bwana Tolliver, leo ni siku gani?" Lucius akasimama wima, mikono pembeni, akasema, "Leo ni Jumanne, tarehe nane Aprili. Nimebarikiwa. Sina malalamiko." Na jana, Nita, ilikuwa Jumanne kweli! Mwenyekiti akatabasamu, akasema, "Jumanne, sawa kabisa, tarehe tu ndiyo imempiga chenga," akashika kalamu. Nikaona anataka kutupa nusu alama.

Nikamwambia, "Muulize kesho."

Akasema, "Samahani, bibi?"

"Muulize kesho, na keshokutwa, na Jumapili. Atakwambia Jumanne. Mimi ndiye niliyemfundisha Jumanne. Nilimfundisha ili mumheshimu, na mmemheshimu mpaka mmemnyima dawa."

Basi mdomo ukafunguka. Nilisahau karatasi zako kwanza, nisamehe, nilizikumbuka katikati. Nilisema sufuria, pazia, mchungaji. Nikasema kuhusu mnara, na mmoja wao akasema anaupita kila siku akienda kazini. Nikamwambia mwashi wake ni huyu hapa mwenye ndara, mpe saba na nane ajumlishe. Hakumpa. Ndipo nikazitandaza zile karatasi mbili. Walizisoma muda mrefu. Whitcombe akasema zinatoka hospitali, si ofisini kwake. Nikamwambia, "Ndiyo bibi, na zimekaa ofisini kwako miezi mitatu."

Halafu nikanyanyua mkono nikawaambia ulivunjikaje. Nilisema kwa sauti, Lucius akiwa kando yangu, maana hapakuwa na namna nyingine. Sikumtazama. Niliwatazama wao, nione nani atashika kalamu na ataandika nini. Yule anayepita kwenye mnara akauliza, "Na wewe bado unalala naye nyumba moja?" Nikasema, "Ni mwanangu, nitalala wapi?"

Walitutoa nje dakika arobaini. Wamempa siku sitini Millbrook. Travis alipewa tisini, na nimewaambia hivyo, na wamesema tutazungumza sitini zikiisha. Anza kuandika ile barua, yenye adabu na zile nne nyingine pia. Tunapoondoka Whitcombe akanishika bega, akasema, "Bi. Tolliver, laiti mngetuambia mapema." Nita, binti yangu alikuwa anaandika, anapiga simu, anatolewa na walinzi tangu Januari. Nikamwambia, "Laiti mngeuliza," nikatoka kabla sijaongeza, maana nilikuwa na la kuongeza.

Njiani Lucius alikaa kati yetu. Maili nyingi alitazama barabara tu. Nikadhani ameshasahau, kama anavyosahau kila kitu, na nikamshukuru Mungu kwa hilo. Kisha akashika plasta yangu.

"Mama. Ni mimi?"

Nilikuwa na uongo wangu mdomoni tayari, wa kila asubuhi. Nikasema, "Ni wewe, mwanangu. Lakini ni jeraha. Unaumwa."

"Naumwa?"

"Unaumwa kichwa, ndani. Ndiyo maana tumekwenda pale. Jumatatu unakwenda kutibiwa."

Akalifikiria hilo. Bi. Boland alikuwa anaendesha pole pole na machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Lucius akasema, "Mbona hukuniambia? Kila siku unaniambia niko vizuri. Nami nalaani watu, nachoma nyumba, kichwa kinapiga kelele. Nikasema basi, kama siumwi, nimekuwa mtu mbaya."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia hukuwa mbaya hata siku moja. Akaniomba niseme tena, nikasema tena, na tena, mpaka tukafika Tarrow. Leo asubuhi alikuwa amesahau, akaniuliza upya, nami nikamwambia upya.

Mama yako,
Zenobia